Mwaka wa Hasi Moja

Habari ya kifo cha Owiti ililetwa kwangu na jirani yangu Mama Zubeda, ambaye kwa kawaida huja kuazima chumvi na kuondoka na sukari. Siku hiyo hakuazima kitu. Aliingia, akaketi, akaomba maji ya kunywa, akauliza habari za goti langu, kisha akauliza habari za kuku wangu mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Alipofika kwa jogoo nikajua kuna mtu amekufa. Kwetu hapa Kisumu mtu hapigiwi simu akaambiwa ghafla kwamba fulani hayupo. Simu hupigwa kwa jirani, na jirani naye huvaa vizuri, akavuka ua, akahakikisha umekaa chini. "Rama," alisema hatimaye, "yule rafiki yako wa kompyuta, wa Bondo." Nikamwambia, "Mama Zubeda, umefanya vizuri." Akashusha pumzi, akamaliza maji yake, akaenda zake. Mimi nikachemsha chai. Ni mtu wa nyumbani mimi; furaha ikija naipikia chai, msiba ukija naupikia chai, na wanaonijua husema hata Kiyama kitanikuta nikitafuta majani.

Mambo ya ukoo wangu hayatatusaidia hapa, nayaruka. Inatosha kusema kwamba mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hakuna aliyeziuliza mara mbili, na nilikuwa nimekaa ndani kwa muda wa kutosha hadi watu wa ploti wakaniita Mwali, kama msichana aliyefungiwa akingoja kuozwa. Ploti yenyewe ilikuwa mtaa wa Manyatta: vyumba vya mabati vimetazamana, bomba moja katikati, na kamba za nguo zilizokuwa chini kiasi kwamba mgeni aliingia akiwa ameinama, hata kama hakukusudia heshima. Owiti alihamia chumba kilichopakana na changu. Alikuja na godoro, jiko la mafuta taa, na laptopu ambayo kioo chake kilishikiliwa na selotepu. Alikuwa amesomea kompyuta chuoni Maseno, akaacha katikati kwa sababu ambazo zilibadilika kila alipoulizwa. Hakunichagua kwa sababu ya akili zangu. "Wewe hutoki," aliniambia. "Nataka mtu wa kukaa na hii mashine nikienda kutafuta kazi. Isipoibwa, nitakufundisha." Ndivyo nilivyoingia katika C, lugha ya kuandikia programu. Niliingia kama askari wa zamu.

Masomo yalifanyika saa ya kupika, kwa kuwa Owiti aliamini kwamba akili hufunguka tumbo likianza kunguruma. Yeye alisonga ugali, mimi nikachagua mchanga kwenye dagaa wa omena, na laptopu ikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mbali na mvuke. Upande wa pili wa ukuta alikuwapo kinyozi mmoja, Kasongo, na kwa sababu mabati hayajui siri, yeye na wateja wake walisoma pamoja nasi. Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la makosa. Si makosa ya kuandika vibaya. Owiti alisema hayo ni ya watoto. Alitaka makosa ya dunia: faili haipo, waya umechomoka, mtandao umekatika.

"Funksheni ndani ya programu ni mtu umemtuma dukani," alisema, mwiko ukiwa hewani. "Akirudi, lazima akuletee jibu. Sufuri, maana yake nimefanya. Hasi moja, maana yake imeshindikana."

"Kwa nini asipige kelele tu hukohuko dukani?"

"Kwa sababu hajui wewe uko katika hali gani, omera, ndugu yangu. Pengine uko na wageni. Anakurudishia wewe uliyemtuma, halafu wewe ndio utaamua kama utapiga kelele ama utanyamaza. Funksheni haisemi, Rama. Funksheni inarudisha."

"Basi bibi yangu si funksheni!" Kasongo akaropoka kutoka upande wa pili, na wateja wake wote wakacheka.

Niliuliza sababu ya kushindwa inakaa wapi, ikiwa jibu lenyewe ni hasi moja tu. Owiti alifurahi, alipenda kuulizwa. Akasema pako pahali pamoja panapoitwa errno, na nipaone kama msumari mmoja ukutani. Anayeshindwa hutundika sababu yake hapo. Lakini msumari ni mmoja kwa wote. Ukimtuma mtu mwingine kabla hujasoma, naye akashindwa, atatundika yake juu ya ile ya kwanza, na wewe utabaki unatibu ugonjwa usio wako. "Kwa hivyo unasoma papo hapo," alisema. "Usiseme ngoja kwanza nifanye hiki." Tena akanionyesha kwamba programu ina milango miwili ya kutolea maneno, mmoja wa habari za kawaida na mwingine wa habari mbaya peke yake, ili zisichanganyike njiani. Nikauliza, kwa ule uchokozi wangu wa kidato cha nne: na ikishindikana kuandika kwamba imeshindikana, tumwambie nani? Owiti aliepua sufuria, akaiweka chini. "Hapo," alisema polepole, "unafunga programu, unaenda kulala."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi mwaka huu. Figo za Owiti zilipoanza kuchoka alinipigia simu mwenyewe, bila jirani, bila salamu, kwa kuwa yeye desturi zile alikuwa ameshaapa kutozifuata tena. "Wamenirudishia hasi moja," alisema akicheka, "na sababu wamenitundikia vizuri sana, Rama. Nimesoma papo hapo." Nilimuuliza daktari amesema afanye nini. Akasema daktari ni mtu mzuri, ana mwandiko unaosomeka. Tukazungumza kuhusu mvua.

Mama Atieno alikuja kwetu mwaka ule, mvua za mwanzo zikiwa zinaisha, akiwa amebeba samaki aina ya ngege waliokaushwa, wamefungwa kwenye karatasi. Alikuwa mjane wa upande wa Bondo, mnene, mwenye sauti ya kuimbisha kanisani, na alikuwa ameuza ng'ombe wake wote akatengeneza vizimba vya kufugia samaki ziwani. Vizimba vyenyewe ni nyavu kubwa kama vyumba, zimening'inizwa kwenye fremu ya vyuma na mapipa yanayoelea, samaki ndani. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kinaogelea humo, na masomo ya Atieno binti yake yalikuwa yanaogelea humo pia. Kilichomtisha ni maji mabaya. Zipo nyakati ziwa linapojigeuza, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, na samaki aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mwenzake mmoja alikuwa ameamka akakuta wake wote wameelea kama majani. Mtu akamwambia kuna kijana Manyatta anayetengeneza vidude.

Owiti alikuwa tayari na kidude: kipimo kinachotumbukizwa majini kusoma oksijeni, kibao kidogo cha kompyuta chenye programu yetu ya C ndani, na laini ya simu ya kutuma meseji. Kilichobaki ni kuandika meseji iende kwa nani.

"Iende kwako mama, si samaki ni wako," nilisema.

"Kwangu?" Mama Atieno aliweka kikombe chini. "Nyathina, mtoto wangu, mimi nina presha. Asubuhi naamka, simu inaniambia samaki yako inakufa, hivyo tu, kama kunipiga na kofi? Kesho mnanizika. Hiyo mtume kwa Mzee Nyangweso. Ni ndugu ya marehemu bwana yangu, boma lake si mbali na langu. Kwetu yeye ndiye anapelekanga habari mbaya. Anajua vile inapelekwa."

Nilidhani Owiti atabisha. Badala yake macho yalimng'aa. Alisimama, akazunguka chumba kizima, safari ambayo haikuwa ndefu. "Unaona, Rama? Ni mlango wa pili. Kidude hakisemi. Kinarudisha kwa Mzee, na Mzee ndiye ataamua atasema vipi. Watu wetu walijua C kabla ya C." Mama Atieno hakuelewa neno, lakini alipenda kusifiwa, akatuachia samaki wote. Mimi nikaandika namba ya Mzee Nyangweso ndani ya programu, nikaizungushia maswali: umetuma? imefika? kama haikufika, tuma tena. Owiti alikagua, akasema ni mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilipika pilau.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo lililofanya tushindwe hata kulia. Alfajiri moja oksijeni ilianza kushuka katika kizimba cha upande wa nje, kidude kikaona, meseji ikaenda, Mzee Nyangweso akaisoma. Yaliyofuata tuliyasikia baadaye kutoka kwake mwenyewe, kwa fahari. Alioga. Alivaa koti lake jeusi. Alichukua fimbo, akatembea taratibu hadi kwa shemeji yake, kwa maana mtu anayeleta habari mbaya huku anakimbia ameshaileta akiwa mlangoni. Mama Atieno alipoliona lile koti likiingia ua wake, alishika mlango kwa mikono miwili. Alidhani ni Atieno, shuleni. Basi ikabidi Mzee aanze kwa kumtuliza. Atieno ni mzima. Watoto wote ni wazima. Mama Atieno alipata nguvu kwa furaha kiasi kwamba akawasha moto akapika chai ya maziwa na viazi vitamu. Wakaomba. Mzee akauliza kuhusu paa, kuhusu mihogo, kuhusu kwaya. Alifika kwenye samaki akiwa kwenye kikombe cha pili. Wakati huohuo majirani ambao hawakuwa na kidude chochote, isipokuwa macho, walikuwa wamefunga vizimba vyao kwa kamba nyuma ya boti na kuvivuta taratibu hadi ng'ambo ya rasi, penye maji safi. Mama Atieno alipofika ufuoni akiwa ameandaliwa vizuri moyoni, samaki wake walikuwa wamegeuza matumbo juu. Kilibaki kizimba kimoja tu, kile cha ndani.

Tulienda Bondo, hata mimi. Mzee Nyangweso alitupokea kwenye kivuli cha nyumba yake, koti likiwa bado mwilini.

"Mimi nimepeleka habari za vifo nyinyi hamjazaliwa," alisema. "Hakuna mtu amewahi kuanguka mkononi mwangu. Hata huyu hakuanguka."

"Jaduong'," Owiti alisema, "samaki ndio wameanguka."

"Samaki sikuambiwa nishike."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilihisi kicheko kikinipanda kama kwikwi, na hadi leo kikinijia huwa nakiogopa. Nilimtazama Owiti nikajua anachokiona: msumari mmoja ukutani, na juu ya sababu ya kweli zimetundikwa habari za Atieno, paa, mihogo, kwaya. Kilichonishangaza ni kwamba Mama Atieno hakumkasirikia shemeji yake hata kidogo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akiparua magamba ya wale walioweza kuokolewa kwa kukaushwa. "Aliniambia vizuri," alisema. "Sikatai. Lakini sasa mtume kwangu. Hiyo presha tutaonana na yeye mbele." Aliuza mashine ya kushonea, akaazima kwa dada zake, akanunua vifaranga wa samaki, akaanza upya.

Miezi iliyofuata Owiti aliingiwa na kitu. Alikonda. Aliisoma programu yetu mstari kwa mstari, kila tulipoita kitu akauliza, na kikishindwa tufanyeje, na hicho tulichofanya kikishindwa? Aliweka laini mbili za simu, mtandao mmoja ukizima mwingine uchukue. Alinifanya niandike meseji irudiwe hadi oksijeni ipande. Tuligombana kuhusu salamu. Mama Atieno alikuwa ameomba meseji ianze na "Shalom mama", na mimi niliona haidhuru, ni maneno mawili. Owiti alirusha mwiko. "Hakuna salamu! Kizimba gani, hewa kiasi gani, basi!" Kasongo aligonga bati kutoka upande wake akauliza kama tunahitaji mwamuzi. Nikaifuta salamu. Tangu siku ile sijaona programu iliyoandikwa kwa hofu kiasi kile, wala iliyo safi kiasi kile. Ungeweza kuikatia waya wowote na bado ingekuambia ni waya gani.

Msimu wa maji kujigeuza ulipokaribia, Owiti aliamua tukae kwa Mama Atieno, tukione kidude kikifanya kazi kwa macho yetu. Ploti nzima ilitoka kushuhudia Mwali akitolewa nje. Kasongo alinipiga picha. Nilipewa kochi la sebuleni, kochi lenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono hadi kwenye miguu, na juu yangu ukutani marehemu mume wa Mama Atieno, ndani ya fremu, akinitazama kama niliyeketi mahali pake. Tulikula ngege wa mchuzi na ugali wa mtama, mweusi, mzito, na Mama Atieno alinicheka kwa jinsi nilivyoogopa mifupa. Nilisikia jikoni akiongea na dada yake kwa simu, Kijaluo kilichochanganywa na Kiswahili, akisema vijana wa kompyuta wako hapa, safari hii itakuwa salama, mmoja anakula kama ndege na mwingine hali kabisa. Safari hii. Alilitamka kwa utulivu, kama mtu aliyeshapangusa meza.

Simu yake ililia alfajiri. Alitoka chumbani akiwa na leso kifuani, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama anasoma somo kanisani: kizimba cha kwanza, hewa imepungua, kiasi hiki. Hakuanguka. Alivaa viatu. Kabla hajafika mlangoni ikalia tena: kizimba cha pili. Tulikimbia wote, hata mimi ninayekimbia kama mtu aliyebeba sinia. Ilikuwa mapema sana. Samaki walikuwa bado hai wote, wamejaa juu ya maji, midomo wazi, maelfu ya midomo, inatoa sauti ndogo kama mvua inayoanza. Owiti alipiga kelele za furaha. "Tumewahi! Mama, tumewahi!" Akaruka ndani ya boti, wanaume wawili wa ufuoni wakawasha injini, wakafunga kamba. Mimi nilibaki ufuoni nimeshika simu ya Mama Atieno, nikisoma zile meseji zilizokuwa zikiingia, safi, kwa mpangilio, kila moja ya kweli.

Boti haikwenda mbali. Ilizunguka, ikasimama, ikageukia upande wa rasi, ikasimama tena. Ndipo nilipoyatazama maji. Hayakuwa mabaya mahali pamoja kama mara ile. Yalikuwa na rangi moja, ya kahawia iliyooza, kutoka miguuni petu hadi kwenye rasi, na mvuvi aliyekuwa akirudi kutoka nje alitupungia mkono akipiga kelele kwamba hata huko, hata huko mbele kabisa, ni hivi hivi. Majirani walikuwa wamesimama kando ya vizimba vyao na hakuna aliyekuwa anafunga kamba. Mmoja alikuwa anapiga maji kwa kasia, akiyarusha juu yapate hewa, na mkewe alimwacha kwa muda kisha akaenda akamshika bega. Simu ililia mkononi mwangu. Ikalia tena. Niliiandika mwenyewe irudiwe hadi oksijeni ipande, na oksijeni haikuwa inapanda.

Owiti alishuka botini maji yakimfika magotini. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu, na nimeona mazishi mengi. Alinijia, akashika mikono yangu yote miwili pamoja na simu. "Imefanya kazi," aliniambia. "Rama, umeona? Kila mstari. Imefanya kazi." Alirudia tena na tena, kama mtu anayegonga nyumba asiyoamini kwamba haina watu. Nilitaka kumnyamazisha, kwa kuwa Mama Atieno alikuwa amesimama nyuma yake anasikia.

Aliweka mkono wake mgongoni mwa Owiti. Hakuwa na hasira, na sikuona presha yoyote. Alikuwa anatazama ile midomo juu ya maji, ambayo sasa ilikuwa inafunguka polepole zaidi.

"Imefanya, baba," alisema. "Imeniambia mapema na imeniambia vizuri. Ni mimi tu sijui nifanye nini."

Owiti alinitazama, nami nikatazama simu. Mama Atieno alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia na kuona aliowauliza nao ni wageni. Kisha akavua viatu, akavipanga kando pasipofikiwa na maji, akajifunga leso kiunoni, akaingia ziwani kuanza kuwatoa waliokwisha kufa.